Malango ya Uwanja: Tarikhi ya Mashabiki wa Goma

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umebanwa baina ya vitu vitatu ambavyo hapana hata kimoja kinachoweza kusogezwa: kaskazini mlima Nyiragongo wenye kutema moto, kusini Ziwa Kivu, na mashariki mpaka wa Rwanda, ambao mabwana wa Ulaya waliupatanisha mwaka 1910 pasipo mwenyeji yeyote kuulizwa, na kwa sababu hiyo kila shubiri ya ardhi tambarare katika mji huu ina tarikhi yake na wagombea wake. Katika mji wa namna hiyo kiwanja cha mpira ni milki adhimu. Ndipo mahali ambapo maelfu ya watu waweza kusimama pamoja na kuelekeza macho upande mmoja, na kwa hiyo kila mwenye haja na halaiki, akiwa kocha, mhubiri, gavana au jemadari, huishia kusimama hapo siku moja. Nimekusudia kusimulia habari za kujengwa na kupanuliwa kwa viwanja katika nchi hii na jirani zake, na yale yaliyowafika mashabiki kwa ajili ya upanuzi huo. Nami naanza na ufinyu wa Goma kwa kuwa ndio unaotulazimisha kuuliza jambo ambalo wajenzi wa viwanja wamelipita mara nyingi pasipo kulitazama, yaani uwanja unapoongezwa, huongezwa kwa ajili ya nani.

Mpira wa miguu uliingia Kongo ukiwa mikononi mwa misheni, kampuni na jeshi. Pale Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, alifika mwaka 1917 padri mmoja wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle de Ryhove, mtu wa bidii isiyo na kifani, ambaye Wakongo walimpa jina la Tata Raphaël. Huyo alianzisha shule na vyama vya michezo, na kwa juhudi zake ukajengwa uwanja wa Reine Astrid mwaka 1937, kisha mwaka 1952 uwanja mkubwa zaidi uliopewa jina la mfalme Baudouin, ambao zama zile ulihesabiwa miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa vya Afrika. Serikali ya kikoloni iliridhia ukubwa huo kwa hesabu yake yenyewe. Ilidhani kwamba kijana aliyeimaliza Jumapili yake akishangilia Vita Club au Daring hatabakiwa na nguvu za kuhudhuria mikutano ya siasa, na kwamba umati uliofungiwa ndani ya kuta, wenye mahali maalumu pa kukaa na saa maalumu ya kutoka, ni umati uliokwisha tulizwa.

Hesabu hiyo ilibatilika Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959. Siku ile mkutano wa chama cha ABAKO ulikuwa umezuiwa, na watu waliokuja kuusikiliza hawakukubali kurudi makwao; wakati huohuo maelfu ya mashabiki walikuwa wanatoka katika uwanja wa Baudouin baada ya mechi ya Vita Club, na makundi mawili yale, moja lenye ghadhabu ya siasa na moja lenye ghadhabu ya mpira, yakakutana barabarani yakawa kundi moja. Fujo ikadumu siku kadhaa, roho nyingi zikapotea, na haikutimia hata miezi kumi na minane kabla ya Kongo kutangazwa huru tarehe 30 Juni 1960. Mpaka leo tarehe 4 Januari ni sikukuu ya taifa ya kuwakumbuka mashahidi wa uhuru, na ni haki mwanafunzi afundishwe kwamba miongoni mwa waliofungua mlango wa uhuru wamo watu waliokuwa wanatoka kutazama mpira.

Baada ya uhuru majina yalibadilika ila tabia haikubadilika. Uwanja wa Baudouin ukaitwa uwanja wa Mei 20, kwa heshima ya siku kilipoasisiwa chama cha rais Mobutu mwaka 1967. Humo ndimo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mwaka uleule ambao timu ya Zaire, ndilo jina la Kongo zama zile, ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 katika mashindano yale, kisha ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mobutu akataka uwanja mkubwa kuliko ule. Wachina wakamjengea, ukakamilika katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 1990, ukiwa na nafasi za watu wapatao 80,000, akauita Kamanyola.

Jina hilo yafaa litafakariwe na kila mtu wa Kivu. Kamanyola ni mahali petu, katika bonde la Ruzizi kusini mwa Bukavu, ambapo Mobutu alijisifia ushindi wa jeshi lake mwaka 1964. Basi jina la Kivu likapandishwa juu ya lango la uwanja ambao mtu wa Kivu hana njia ya kuufikia. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni kiasi cha kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na barabara ya kupita gari moja kwa moja hakuna. Nauli ya ndege ni mali ambayo mchuuzi wa mtaa wa Birere hapa Goma haipati kwa miezi mingi. Mwaka 1997, Mobutu alipoondoka, jina likabadilishwa kuwa uwanja wa Mashahidi, kwa ukumbusho wa waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na wenzake watatu walionyongwa hadharani mwaka 1966 mahali palepale, mbele ya umati mkubwa ulioletwa kutazama. Hivyo uwanja mkuu wa taifa umesimama juu ya ardhi ambayo watu walikusanyika kwanza kuona mauti, kisha ndipo wakakusanyika kuona mpira.

Shabiki wa Goma, kwa vile uwanja wa taifa ulikuwa mbali, aliujenga wa kwake masikioni. Redio ndiyo iliyokuwa jukwaa lake kwa miaka mingi, na baadaye vibanda vya video, ambamo benchi za mbao hupangwa mbele ya televisheni moja, jenereta ikinguruma nyuma ya mabati, na mwenye kibanda akisimama mlangoni kupokea faranga kabla mtu hajainamisha kichwa kuingia. Jenereta ikizima dakika ya themanini, humo ndani huzuka kelele ambayo huisikii katika uwanja wowote duniani. Usidhani watu hawa hawakuwa mashabiki kamili kwa kuwa hawakuingia uwanjani. Walijua majina ya wachezaji wa Mazembe na Vita kama walivyojua majina ya ndugu zao, na tarehe 7 Februari 2016, Kongo ilipoishinda Mali mabao 3 kwa 0 katika fainali ya CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kigali, hawakuhitaji tiketi kumiliki ushindi ule.

Uwanja wao wa kweli, ule wa kukanyagwa, ni habari nyingine. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, mito ya moto ikapita katikati ya mji, ikala maduka, makanisa, nyumba na sehemu ya njia ya kurukia ndege, mkondo mmoja ukafika hadi ziwani. Watu mamia kwa maelfu wakakimbia kuvuka mpaka. Waliporudi walikuta mitaa yao imefunikwa na jiwe jeusi lenye ncha kali, nao wakaanza kujenga juu yake kwa mawe yaleyale. Watoto wakapata viwanja vipya ambavyo hakuna aliyevipima: mahali lava ilipopoa ikiwa bapa kidogo, wanakwangua kokoto, wanaweka mawe mawili kila upande kuwa magoli, wanacheza kwa mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba za migomba. Mtoto akianguka hapo, goti lake huchanika; na kwa sababu hiyo mtu aliyelelewa Goma hujifunza mapema kucheza akiwa amesimama imara, asiyetaka kuteleza.

Kutoka katika viwanja hivyo vya mawe wametoka wachezaji wa vilabu vya mji: Daring Club Virunga, Dauphins Noirs, Kabasha na vinginevyo, ambavyo uwanja wao wa heshima ni ule uitwao Stade de l'Unité, uwanja wa Umoja. Siku ya mechi kubwa hapo utaona hesabu yote ya uchumi mdogo wa mji imehamia nje ya ukuta. Wako mama wenye mabeseni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa, wako wauza karanga wenye kuzikunja ndani ya karatasi za daftari, wako vijana wa pikipiki waliopanga vyombo vyao safu kwa safu wakingoja filimbi ya mwisho. Juu ya kuta na miti na mapaa ya jirani wako wale ambao hawakuwa na bei ya mlango. Hao wa ukutani ndio ninaowafikiria kila nisikiapo kiongozi akiahidi uwanja mpya wa kisasa, maana katika michoro yote ya viwanja vya kisasa niliyowahi kuitazama kuta ni ndefu na miti imekatwa.

Sasa nije kwenye jambo lililo zito kuliko bei. Katika mkoa wetu huu wa Kivu Kaskazini, mjini Butembo, tarehe 14 Septemba 2008, timu za Nyuki na Socozaki zilikuwa uwanjani. Ugomvi ukazuka kwa tuhuma za uchawi, kwamba golikipa mmoja ameacha lango lake akaenda kutia uganga katika lango la wapinzani. Watu wakarushiana mawe, polisi wakafyatua moshi wa kutoa machozi, na umma wote ukakimbilia njia ya kutokea. Watu wapatao 13 walikufa, wengi wao watoto, wakakanyagwa na kukosa pumzi. Magazeti ya ng'ambo yaliishika habari ya uchawi, kwa kuwa ndiyo iliyowafurahisha wasomaji wao, yakaandika kana kwamba watoto wale waliuawa na hirizi. Uchawi haukuua mtu pale. Kilichoua ni moshi uliotupwa ndani ya mahali palipozungushwa ukuta, na lango lisilotosha kuwatoa waliokuwa ndani.

Miaka michache baadaye jambo lilelile likatokea katika mji mkuu. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Mei 20, ambao sasa waitwa Tata Raphaël, ule wa padri, ule wa 1959, ule wa Ali na Foreman, Vita Club ilikuwa inafungwa na Mazembe. Mashabiki wakachachamaa, polisi wakarusha moshi, watu wakasongamana, na waliohesabiwa kufa ni 15. Mwaka 2022, tarehe 29 Oktoba, katika uwanja wa Mashahidi, siku ya tamasha la mwanamuziki Fally Ipupa, watu 11 wakafa kwa msongamano, na serikali yenyewe ikakiri kwamba waliingizwa watu kupita kiasi cha uwanja. Ukiongeza habari ya Accra ya Mei 2001, ambako watu zaidi ya 120 walikufa baada ya polisi kutupa moshi majukwaani na malango kukutwa yamefungwa, utaona kwamba mauti ya viwanjani yana sura moja: umati haukufa kwa sababu ya wingi wake tu, umekufa kwa sababu waliojenga waliuhesabia njia ya kuingia, wakasahau kwamba watu wale wote watataka kutoka kwa wakati mmoja. Basi mtu anaponiambia kwamba uwanja fulani umeongezwa kutoka nafasi kadha hadi nafasi kadha, mimi sisikii habari njema mpaka aniambie malango yameongezwa mangapi, na funguo zake atakuwa nazo nani.

Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wamejenga sana katika miaka hii. Kwa ajili ya CHAN ya 2016 Rwanda ilikarabati uwanja wa Umuganda pale Gisenyi, ambao kutoka Goma mtu aufikia kwa miguu akivuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière. Na mashabiki wengi wa Goma na Bukavu walivuka wakati ule, wakaenda hadi Huye na Kigali, wakapiga ngoma zao katika majukwaa ya wenzao. Robo fainali ya tarehe 30 Januari 2016 iliwakutanisha wenyeji na Kongo katika uwanja wa Amahoro, Kongo ikashinda mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Amahoro hiyohiyo, ambayo mwaka 1994 iliwahifadhi maelfu ya watu waliokuwa wanakimbia mauaji, ilipanuliwa baadaye kutoka nafasi 25,000 hadi 45,000, ikawekewa paa na viti vya kukalia kila mmoja na chake, ikafunguliwa rasmi tarehe 1 Julai 2024. Ni kazi nzuri, na anayeikataa kwa sababu ya uhasama wa serikali mbili hawi mkweli. Lakini kwa shabiki wa Goma upanuzi ule ulikuja katika miaka ambayo mpaka umekuwa mzito kuliko ukuta wowote. Uwanja mkubwa wa kisasa ulio karibu naye kuliko vyote, kiasi cha kilomita 150 tu, ndio ulio mgumu kuliko vyote kuuingia kwa moyo mkunjufu.

Na huku kwetu uwanja ukapata kazi nyingine. Novemba 2012, waasi wa M23 walipouteka mji kwa mara ya kwanza, watu waliitwa katika uwanja wa mpira kuwasikiliza watawala wapya, na askari na polisi waliosalia wakasalimisha silaha zao hapo. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukatekwa tena, waliokufa katika mapigano ya siku zile wakihesabiwa kwa maelfu, na tarehe 6 Februari Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa waasi hao, akahutubia mkutano wa hadhara ndani ya Stade de l'Unité, majukwaa yakiwa yamejaa. Sitaki kumhukumu mtu aliyekwenda kuketi pale siku ile, maana katika mji uliotekwa mtu huenda anakoitwa. Nasema tu kwamba kila aliyeitawala Goma, kwa haki au kwa bunduki, ameuona uwanja kuwa ni chombo chake cha kuupima umma, kama walivyouona Wabelgiji na kama alivyouona Mobutu. Na jukwaa hupanuliwa kwa urahisi zaidi pale mwenye amri anapolihitaji yeye mwenyewe.

Hata hivyo yako mambo ambayo mtawala hawezi kuyapanga. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Abidjan, wachezaji wa Kongo, wakati wa wimbo wa taifa, waliziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono wa pili kando ya kipaji cha uso, mfano wa mtutu wa bunduki. Walikuwa wanasema habari zetu, habari za watu wa mashariki wanaouawa na dunia imenyamaza. Kongo ilifungwa bao 1 kwa 0 na wenyeji Ivory Coast. Katika vibanda vya Goma watu walioona ishara ile walilia, na wengi wakaukumbuka usiku ule kwa ishara kuliko kwa bao. Uwanja uliokuwa mbali nao maelfu ya kilomita uliwapa sauti ambayo uwanja wa jirani haukuwapa.

Yapo pia yaliyowapata mashabiki wa nchi tajiri, nayo yatufaa kama tahadhari. Uingereza, baada ya watu 97 kupoteza maisha kwa msongamano wa Hillsborough mwaka 1989, iliamuru viwanja vikubwa viondoe majukwaa ya kusimama na kuweka viti. Usalama ukaongezeka, jambo lisilo na shaka, ila bei nayo ikapanda mwaka hata mwaka, na mfanyakazi aliyekuwa akisimama na mwanawe nyuma ya goli akajikuta ni mtazamaji wa televisheni. Rio de Janeiro walikuwa na Maracanã, ambayo mwaka 1950 ilipokea watu karibu 200,000. Sehemu ya kusimama karibu na uwanja, mahali pa maskini wa mji, ikaondolewa mwaka 2005, na leo Maracanã haichukui hata nusu ya idadi ile. Kote kuwili usalama na heshima ya kiti vililipiwa na mtu yuleyule, na hakuna aliyemuuliza kama aweza kulipa.

Kwa hiyo, siku Goma itakapokuwa na amani ya kutosha kuupanua uwanja wake, na siku hiyo naiomba kwa Mola usiku na mchana, nawasihi wakuu wa mji, chama cha mpira na wahandisi watakaokabidhiwa kazi waanze na malango kabla ya majukwaa: yawe mapana, yafunguke kuelekea nje, yasifungwe kwa kufuli wakati mtu yeyote yumo ndani, na polisi wakatazwe kwa sheria kutupa moshi mahali penye ukuta. Waache upande mmoja wa kusimama wenye bei ambayo kijana wa pikipiki na mama wa sambaza wataimudu kwa kazi ya siku moja. Na kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wawaite viongozi wa vikundi vya mashabiki wa Virunga, wa Dauphins Noirs na wa Kabasha, wawaoneshe mchoro, na wawasikilize.